Vita Havina Mikono

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, tulipokuwa wakimbizi ndani ya darasa moja hapa Murara, mtaa huu wa Goma. Umeniuliza somo la historia la darasa la mwisho likoje. Nitakujibu kwa njia ndefu, maana ile fupi nilishaitumia na ilinitia aibu.

Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Masisi, jamaa sita katika chumba kimoja. Madawati tulikuwa tumeshayamaliza kwa kupikia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama anaumwa, wadogo zangu wanalia njaa, na makala, yaani makaa, yameloa. Pembeni, ndani ya gunia, palikuwa na kitabu cha ubatizo cha kilima chetu. Papa Anselme, katekista wetu, alikibeba mgongoni njia nzima, akaacha godoro lake. Majina yetu yote yalikuwa mle, nani kazaliwa wapi na kwa baba yupi.

Papa Anselme alikuwa ameenda kupanga foleni ya maji. Nikachana kurasa mbili kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Lakini makala mabichi yanakula karatasi, na maharagwe hayana haraka. Yalipoiva, lilibaki jalada tu. Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Sawa. Ila hata niliposhiba sikusema.

Vita vilipotulia kidogo, watu walirudi kilimani wakakuta wengine wanalima mashamba yao. Wakaambiwa, ninyi ni wageni, leteni ushahidi. Kina mama wakamkimbilia Papa Anselme. Yeye hakuwajibu zaidi ya kusema kitabu kimepotea. Wakasema amekiuza.

Mimi nikabaki Goma, nikafika darasa la mwisho. Mwalimu wa historia akatutuma tuandike habari za kwetu, kila mmoja apate ushuhuda wa mzee. Niliandika vizuri, najua. Niliandika kwamba vita viliteketeza kumbukumbu zetu zote. Nikampelekea Papa Anselme, nikamsomea kwa majivuno. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Vita haina mikono, mutoto yangu,” akasema. “Ile siku nilikuta majivu ya karatasi ndani ya mbabula ya mama yako. Miaka yote hii nangojea useme weye mwenyewe.”

Unadhani nilifuta ile sentensi? Niliipeleka vilevile. Mwalimu aliisifu mbele ya wote, nikapata alama za juu kuliko wenzangu.

Mwaka uliofuata Papa Anselme alikufa. Kwenye matanga yake mama mmoja wa kilima chetu alikataa kukaa karibu na maiti. “Huyu aliuza majina ya batoto yetu,” alisema. Nilikuwa nimekaa na mama huyo mkeka mmoja. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kula.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Methali hiyo tunaipenda sana sisi wa Kivu, na mimi nimejificha ndani yake maisha yangu yote. Nami ndiye niliyeshika kiberiti.

Kwa hiyo, mwanangu, usiende ukidhani utakariri tarehe na majina ya wakubwa, ingawa hayo nayo yapo na yatakuchosha. Somo lile likifundishwa vizuri litakuuliza umejuaje, nani aliona, na nani amenyamaza. Ukisoma kwamba vita vilichoma, vita vilifukuza, simama hapo, uliza ni nani. Wengi hawatapenda swali lako, hata hapa nyumbani. Na usiwaamini wazee kwa sababu ya mvi. Mvi zangu unaziona.

Mwalimu akikutuma kwa mzee, njoo kwangu na kalamu. Andika jina langu lote. Andika kwamba Papa Anselme hakuuza kitu. Wale kina mama wamekufa karibu wote, najua. Majuto ni mjukuu. Andika hata hivyo.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu, na akujalie useme yako mapema, angali hai yule anayekungojea.