Wa Kwetu Hajaitwa

Jana kwenye kizuizi kabla ya daraja la Garissa, askari alisoma kitambulisho changu, akatabasamu. "Kumbe ndiwe bingwa wa gemu!" Akanitaja majina yote matatu. Nikaitikia, nikashukuru, nikasonga. Sasa nikwambie, rafiki yangu, jambo ambalo askari yule halijui: katika majina yale, hakuna hata moja lililo langu.

Tulivuka mpaka nikiwa na miaka sita, mimi na ayeyo, bibi yangu mzaa baba, tukapata chumba mtaa wa Iftin, hapa Garissa. Aliuza maziwa ya ngamia yaliyoletwa na magari kutoka Bura. Alfajiri alifukiza vibuyu kwa kijiti chenye moto, na hadi leo nikisikia harufu ya moshi ule tumbo langu linadai chai. Kazi yangu ilikuwa kusugua mitungi huku nikiwataja baba zangu wa ukoo, baba, babu, baba wa babu, mmoja baada ya mwingine, hadi wa kumi. Nikimruka mmoja, ayeyo hakugombeza. Alisema tu, "Anza upya." Weh! Siku nyingine chai ilipoa nikiwa bado nimekwama kwa babu wa tano. "Kule tumeacha kila kitu," alizoea kusema, "lakini hao tumekuja nao."

Jirani yetu, mama mmoja, alikuwa na kibanda cha gemu za televisheni. Tulimpelekea maziwa, nami nikaganda mlangoni nikitazama wavulana wakicheza mpira kwenye televisheni. "Wewe, rudi kwa mitungi yako!" walinicheka. Siku jirani aliponipa nafasi, niliwafunga wote, buibui langu likinuka moshi. Ayeyo alikuwa amekalia mtungi mlangoni, macho yake yameshaingia ukungu. "Mimi sioni kinachochezwa," alisema, "lakini nasikia mtoto wangu anacheka." Tangu hapo alinisindikiza kila jioni.

Nilipokuwa msichana mkubwa, nikaalikwa kushindana ng'ambo. Nitasafirije, mgeni asiye na karatasi? Jirani ndiye aliyeniletea cheti cha kuzaliwa cha binti yake, rika langu, aliyefariki kwa homa akiwa mdogo, kabla sisi hatujafika Iftin. "Chukua, mamangu. Lakini ayeyo asijue. Akisikia umewaacha baba zako, atakufa." Nilichukua. Nilitaka sana kwenda, sikufichi.

Nikashinda. Jirani alinisimulia baadaye: yeye na ayeyo walikuwa wamejifungia kibandani, wakisikiliza matangazo kwa simu. Mtangazaji akamwita bingwa kwa majina yaliyokuwa kwenye pasipoti. Jirani, kusikia jina la mwanawe marehemu likishangiliwa na umati, akaangua kilio. Ayeyo akampapasa bega. "Usilie, mwanangu. Wa kwetu hajaitwa. Ataitwa mara nyingine."

Majirani walipompongeza, alidhani wanamfariji tu kwa sababu ni mzee. Nami nikafika na kombe ndani ya mkoba, nikamkuta ameniandalia chai ya maziwa, tamu kupita kiasi. "Pole, mama. Kunywa kwanza." Kumwambia nimeshinda ni kumwambia nimejiita mtoto wa mtu mwingine. Nikanywa chai. Kombe nikalificha kibandani kwa jirani, nikajiambia nitamweleza baada ya Idi.

Idi haikumkuta. Ayeyo wangu alikufa akiamini nimeshindwa, na hadi siku ya mwisho alikuwa akiniombea dua nishinde. Nimeshinda mara nyingi tangu hapo, na kila wanapoliita jina lile moyo unanichoma.

Leo nimesimama mlangoni pa chumba chetu. Sasa ni duka la simu. Kibanda cha gemu hakipo, jirani naye alihama, na maziwa wanauza kwa pakiti, hayana hata harufu. Nimeegemea ukuta, nikaanza kwa jina langu mwenyewe, kwa sauti, kisha la baba, kisha la babu. Nimefika wa saba, nikakwama. Nimesubiri pale muda mrefu, na hakuna aliyeniambia nianze upya.