Vitenge Vitatu Chini ya Robe

Kila fundi wangu hapa Kadutu anapokunjua kitenge kipya, ile harufu hunirudisha chumbani kwa mama. Ugonjwa ulikuwa umemla nyonga zote, na papa, baba yangu, alikuwa njiani kutoka Kamanyola, baada ya miezi mingi. Mama alijaribu magauni yake, robe zake zote. Hata ile ya misa ilimning'inia kama pazia.

"Leta bitenge, mutoto wangu. Papa yako asinione hivi."

Nilimzungushia vitatu chini ya robe. Vikateleza. Nikakaza mafundo tena, nikilia, mpaka nyonga zikarudi.

Mlangoni papa alimkumbatia, vidole vyake vikakuta mafundo.

"Umenenepa, maman," akasema.

Lakini juu ya bega la mama, macho yake yaliniuliza mimi: tangu lini?