Kigingi cha Bwana Futi

Kila mwaka Bwana Futi, mpimaji wa hifadhi ya pwani, alipima kutoka kwenye kigingi hadi maji yanapokomea, ijulikane bahari imekula ufuo kiasi gani. Mara tatu bahari ilikibeba kigingi chenyewe. Mara tatu, kwa uvivu tu, alichomeka kingine nyuma, penye mita thelathini zilezile za awali kutoka majini, akaandika: "Hakuna mabadiliko." Kila aliposifiwa kazini alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha dada yake akanunua kiwanja mpakani mwa hifadhi.

"Watu wananitisha eti bahari inakuja," dada akacheka. "Nikawaambia, anayeipima ni kaka yangu, tumbo moja! Haya kaka, nipigie kigingi cha kwanza cha msingi."

Bwana Futi akashika nyundo, akapiga.