Mikuyu ya Ikupa

Msinidanganye kwamba ukame humkuta kila mtu sawasawa. Hapa Kawetele chemchemi ilipoanza kukauka, wanaume walisikia tu kwamba maji yamepungua. Sisi wanawake tuliambiwa na shingo zetu.

Zamani mvua ya huku haikuwa na likizo. Ikaanza kuchelewa, kiangazi kikarefuka. Tena ilikuwa miaka ile ya soko huria, kiwanda cha chai kinanunua kuni kwa yeyote, na mzee Lutufyo akajaza milingoti, yaani mikaratusi, juu ya chemchemi. Mlingoti, kwa maji, ni mlevi.

Ikupa alikuwa mjane wa mdogo wake Lutufyo. Alibaki na watoto watatu na kishamba cha migomba palepale kwenye chemchemi, ardhi ya ukoo. Watu wa mradi wa mazingira walipokuja, wakataka kamati ya chemchemi iwe na mwanamke. Wanaume wakamchagua Ikupa kwa sababu ni mpole. Walikosea! Alisikiliza semina ya Tukuyu neno kwa neno, akarudi na miche ya mikuyu kichwani, akaipanda kuzunguka chemchemi, upande wa shamba lake. Tulimsaidia kuchimba mashimo huku tukimtania kwamba sasa ni bwana misitu.

Kwetu mwanamke akipanda maharage au magimbi, hakuna neno. Mti ni alama ya mwenye ardhi. Akipanda mti, watu wanasema ameichukua. Ikupa alilijua hilo, ila alidhani kiu ina nguvu kuliko mila.

Lutufyo akaita kikao cha ukoo.

"Shemeji, unajiwekea mpaka kwenye ardhi ya marehemu?"

"Napanda maji, shemeji. Hata mkeo anachota hapo."

"Ng'oa. Hutaki, rudi kwa baba yako. Watoto watabaki, hao ni wa ukoo."

Mwe bandu, jamani! Watoto! Nilitamani kumrukia mzee yule nimng'oe ndevu. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo, akabaki kutazama viatu vyake. Mradi ulisema wanawake washirikishwe. Haukuuliza ardhi ni ya nani. Ikupa akaing'oa mikuyu kwa mikono yake mwenyewe, mmoja mmoja, mizizi imeshaanza kushika. Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ikawa tope, hata vyura wakahama. Tukawa tunashuka mtoni, bondeni kabisa, na kupanda tena na ndoo kichwani. Lutufyo hakuona shida. Maji aliyakuta mtungini kama siku zote.

Ndipo wageni wa mradi wakaja kukagua. Lutufyo akawatembeza kwenye milingoti yake. Mti ni mti, wakapiga makofi, wakampa koleo jipya na cheti. Ikupa, mjumbe wa kamati, aliambiwa akapike chai.

Mgeni mmoja akaomba maji ya kunywa. Akashusha kikombe, akafuta midomo.

"Maji matamu haya! Mzee, chemchemi umeitunza."

"Ndaga, ndaga," Lutufyo akashukuru. Bila haya!

Ikupa yule mpole akatoka jikoni, akatua ndoo tupu mbele ya mgeni.

"Baba, hayo uliyokunywa nimeyatoa mtoni. Chemchemi ya shemeji imekufa. Kama unataka mengine, beba ndoo hii, nikuonyeshe njia."

Mgeni akacheka, akidhani huo ndio utani wetu wa Rungwe, akamsifu Ikupa kwamba ni mama mchangamfu. Wenzake nao wakacheka. Wakaaga, wakapanda gari lao.

Ikupa akaokota ndoo, akaweka ngata kichwani, nikamfuata. Tukashuka tena mtoni. Watoto wake walikuwa nyumbani hawajanywa, maji yote ya asubuhi yalikwisha kwenye chai ya wageni.