Gari Lililomtaka Mama Mkwe

"Wewe Mngoni umeliua gari langu," Lusungu alisema. "Asubuhi nimelileta linatembea lenyewe. Sasa hivi halitaki."

"Labda limechoka kukuona," Gaudens akajibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Usinitanie. Leo siyo siku ya utani."

Ishu ni kwamba kwao kila siku ni siku ya utani. Gaudens ni Mngoni wa Songea, Lusungu Mhehe wa Iringa, na hao ni watani tangu mababu zao walipotwangana. Hata wakigombana kikweli watu wanacheka. Mie kijiwe changu cha bodaboda kiko ubavuni mwa gereji ya Gaudens, hapa Yombo, Temeke, na huwa nashindwa kujua lini wamekasirika. Siku hiyo nilijua. Lusungu alikuwa amechomekea shati, na ilikuwa Jumamosi.

Kilichokuwa kinamkaba ni mama mkwe. Bibi alitoka Mafinga kuja kulea uzazi, Clara mke wa Lusungu alipojifungua. Mtoto sasa anakimbia, anaomba simu ya kuchezea, na bibi bado yupo. Analala chumbani na Clara na mtoto, Lusungu analala kwenye kochi, miguu imening'inia. Halafu wiki hiyo bibi mwenyewe akasema anarudi kwake. Tiketi ikakatwa, basi la jioni, stendi ya Mbezi Luis. Ila kwa sharti: apelekwe stendi kwa gari la mkwewe. Bajaji hataki, teksi hataki.

"Nikifika Mafinga nitaulizwa nilisindikizwa na nini," alisema. "Sitaki kudanganya."

Sasa Gaudens. Huyu ni fundi umeme wa magari. Alikuja Dar kwa mjomba wake, askari magereza, wakawa wanaishi kota za gereza pale Ukonga. Akashindwa. Anasema kule hata usipokuwa mfungwa, unaamka wafungwa wakiamka. Akaondoka na begi na testa ya kupimia umeme, na hiyo testa anaivaaga shingoni mpaka kanisani. Gari hana. Kuendesha anajua rivasi tu, maana kazi yake ni kutoa magari ya watu gereji. Watu wanampenda kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Wanaomchukia, wanamchukia kwa hilohilo.

Wiki moja kabla ya hapo swichi ya gari la Lusungu ililegea. Ufunguo unaingia, unazunguka, haushiki kitu. Gaudens akaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, akarudi na swichi iliyotolewa kwenye gari lingine la aina ileile, na ufunguo wake. Akaifunga. Akajaribu, stata inapiga safi kabisa, injini haiwaki. Akabadili plagi. Haiwaki. Akabadili koili. Haiwaki. Akanusa petroli, ipo. Jioni Lusungu akatoka kazini, akakaa, akazungusha ufunguo, likawaka.

"Unaona?" Gaudens akasema. "Ilikuwa koili."

Tangu hapo, Lusungu akiwasha kwake linawaka. Gaudens akiwasha gereji, haliwaki. Sie tumezoea gari linamsumbua mwenyewe, halafu likifika kwa fundi linajifanya lina adabu. Hili lilikuwa kinyume. Hiyo asubuhi Lusungu alilileta lipimwe tu kabla ya kwenda kukaa kwenye foleni ya Morogoro Road, na likagoma tena. Akajaribu na yeye kwa ufunguo uleule, likamgomea na yeye.

Gaudens akatoa kichwa kwenye boneti. "Mtani, ulitoa nini kwenye hili gari kabla hujalileta?"

"Vitu vyangu."

Hilo halikuwa la ajabu. Mtu wa Temeke hampi fundi gari na vitu vyake. Lusungu anatoa jeki, tairi la akiba, kapeti, boksi la tishu, mpaka kile kichupa cha manukato kinachoning'inia kwenye kioo. Hata ufunguo wa gari anauchomoa kwenye ringi yake, anakupa huo mmoja mtupu, maana ringi ina funguo za nyumba.

"Basi karudishe kila kitu," Gaudens akasema. "Kwako linakuwa na vitu, linawaka. Hapa linakuja uchi, haliwaki. Nimemaliza kupima umeme wote, imebaki kapeti."

"Umeme wa kapeti?"

"Kapeti zenu za Kihehe zina mambo yake."

Nikampakia Lusungu kwenye pikipiki. Tulirudi na tairi shingoni kwangu kama shada, yeye kakumbatia jeki na kapeti. Bibi alipotuona tunahamisha vitu akadhani safari imeiva. Akafunga nyumba kwa funguo Lusungu alizoziacha mlangoni, akaja nyuma yetu na Clara, mtoto, na mkokoteni wa mizigo.

"Shikamoo bibi," tukasema wote.

"Marahaba." Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa, pochi mapajani. Sie tukaanza kupakia mizigo kwenye buti. "Baba, funguo zako hizi."

Lusungu akapokea ringi, akapachika ufunguo wa gari humo kama kawaida yake, akazungusha. Gari likawaka.

Loveness wa genge la jirani akaacha kumenya vitunguu.

"Hebu zima," Gaudens akasema. "Bibi, samahani, shuka kidogo. Mtani, nipe ufunguo."

Bibi akashuka. Lusungu akachomoa ufunguo kwenye ringi, akampa. Gaudens akajaribu: stata inapiga, haliwaki. Bibi akarudi kukaa, Lusungu akachukua ufunguo, akaupachika kwenye ringi, likawaka. Wakarudia. Bibi nje, fundi na ufunguo mtupu, haliwaki. Bibi ndani, Lusungu na ringi, linawaka.

"Linamtaka bibi," Loveness akasema, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

Bibi alikuwa anashikashika dashibodi kama anabembeleza mtoto.

Gaudens akachuchumaa pembeni ya mlango wa dereva. Akakaa pale mdomo wazi, anavyokuwaga akifikiri. Halafu akasema, "Mtani, usichomoe. Nipe na ringi yote."

"Nikupe Mngoni funguo za nyumba yangu?"

"Una nini cha kuibiwa? Kochi lenyewe unalilalia."

Lusungu akampa, shingo upande. Gaudens akazikagua moja moja. Mlango, geti, kufuli la choo, na ule ufunguo wa zamani wa gari, wenye kichwa cheusi. Swichi yake ilishatupwa, lakini Lusungu hatupagi kitu. Gaudens akauchomoa huo peke yake, akauweka kando, akawasha na zilizobaki: haliwaki. Akaurudisha: likawaka.

"Kuna kidude humu kwenye kichwa," akasema. "Gari linatafuta hicho. Lisipokiona karibu, stata itapiga mpaka kesho." Kwenye dashibodi kulikuwa na taa yenye alama ya ufunguo, imekonyeza wiki nzima. Gaudens aliiona. Alidhani ni kawaida, dashibodi ya Lusungu inawaka taa nyingi kama baa.

"Kwa hiyo siyo mama," Lusungu akasema, akashusha pumzi.

"Siyo bibi. Bibi, shuka uone."

Bibi akashuka. Likawaka.

"Si nimesimama hapa mlangoni," bibi akasema. "Linaniona."

Akaombwa aende mpaka kwenye genge. Akaenda. Likawaka.

"Limeshanizoea," akasema kutoka kule.

Akarudi polepole, macho yamelowa. "Lusungu mwanangu, siku zote nilikuwa najiuliza kama nimewachosha. Nikasema niondoke kabla sijaambiwa. Leo nimejibiwa, tena mbele za watu. Shusheni mizigo."

Clara akamkumbatia mama yake. Mimi ndiye niliyeshusha, begi la kwanza mpaka debe la mafuta ya alizeti.

Lusungu hawezi kubishana na mama mkwe, kwao hata kumtazama usoni ni shida. Akamgeukia Gaudens, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mtani, mwambie. Nakuomba. Wewe ndo fundi."

Gaudens akafungua mdomo. Simu yake ikaita. Alikuwa Nurdin wa bajaji, honi imeng'ang'ania, hainyamazi, na yuko nje ya msikiti watu wanaswali. Hakukuwa na haja ya kuelezwa. Honi yenyewe tulikuwa tunaisikia mpaka pale.

"Mtani," Lusungu akasema.

"Umesikia hiyo honi," Gaudens akajibu, akachukua koleo, akavuka barabara.