Shingo ya Gitaa na Vidole vya Mama

Enzi zetu pale Kiranjeranje, gitaa la umeme halikununuliwa, lilichongwa. Nyuzi tulizichomoa kwenye waya wa breki za baiskeli, na spika ndogo ya redio mbovu tukaibana chini ya nyuzi inase sauti, kisha tukaiunganisha na redio ya baba. Kaka Selemani ndiye alikuwa fundi, mimi mpigaji. Idd ilikuwa imekaribia na watoto wa mtaa mzima tulishawaahidi muziki.

Shida ikawa shingo. Iwe na upana gani? Rula hatukuwa nayo. Nyumbani kwetu kipimo cha kila kitu kilikuwa vidole vya mama, aliyekuwa msukaji wa mikeka. Basi Selemani akamfuata palepale alipokuwa anasuka ukili, akamwomba alaze vidole vinne juu ya ubao, akatia alama.

"Mnapima nini nyie?"

"Gitaa, mama."

"Haya, ole wenu mniharibie redio ya baba yenu."

Shingo ikatoka nene kama mchi. Kiganja changu hakikuizunguka, sembuse kubana nyuzi. Selemani akaamua atapiga binamu yetu Rashidi, mwenye vidole virefu. Nililia sana. Hata mihogo ya nazi sikuigusa, na mimi si mtu wa kususa chakula.

Mama akaweka ukili chini, akaushika mkono wangu.

"Mpigaji nani?"

"Mimi."

"Sasa mbona mmepima mkono wangu?"

Akaokota kigae cha chupa, akaanza kuiparua ile shingo. Anaparua, ananipa niishike, anaparua tena, mpaka ikanikaa. Idd ile tulipiga mpaka redio ikanuka kuungua. Baba alitukimbiza huku anacheka.

Leo mwanangu naye anataka kuchonga gitaa. Vijana wa siku hizi! Wiki nzima yuko kwenye simu anasoma vipimo vya shingo kwa milimita, na ubao hajaugusa. Nikamtolea lile letu ajionee. Nikasema ngoja kwanza nimwonyeshe mimi mama yake nilivyokuwa moto.

Vidole vikasongamana. Nikibana uzi mmoja, nabana na wa jirani. Nikavitazama: vimekuwa vinene, vya mama kabisa. Ile shingo nene ya kwanza, kabla hajaiparua kwa ajili yangu, leo ingenikaa sawasawa. Nilimkumbuka mno.

"Pima kwa mkono wako," nikamwambia mwanangu. "Ila usiparue yote, mwanangu. Bakiza kidogo."