Tundu Dogo Kama la Sindano

Nikimwona Kambale akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, mwanangu, naikumbuka siku moja ya mvua pale Ndosho. Tulikuwa vijana, tukifanya kazi kwenye lori la bene, lile sanduku la nyuma linaloinuka kumwaga mzigo, tukiwapelekea wajenzi mawe ya volkano.

Siku hiyo bene lilipanda polepole mno. Papa Muhindo, fundi wetu, akaenda kutafuta mafuta ya pompi inayoliinua, akasema tumngoje. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nikajiona najua. Nikaikaza visi, yaani skrubu, ya valvu ya usalama, ile inayorudisha mafuta kwenye tangi presha ikizidi.

"Muzee alisema tungoje," Kambale akaniambia.

"Muzee anaogopa hata kivuli yake! Vuta levye."

Akauvuta ule mkono wa chuma wa kupandisha bene. Bene likakwama chini ya mzigo, mpira wa mafuta ukaanza kulia ssss. Kambale akapitisha kiganja chini yake atafute panapovuja, akaguta. Kidoleni palikuwa na tundu dogo, hata damu haikutoka.

Nikacheka. "Mwanaume muzima unalilia sindano?"

Naye akacheka, kwa aibu nadhani, tukaendelea kushusha mawe kwa mikono. Mdharau mwiba mguu huota tende. Papa Muhindo aliporudi, kile kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheupe.

"Mafuta imeingia ndani ya mukono, na munacheka?" Akasimamisha moto, pikipiki ya abiria, akampakia Kambale. Hospitalini waliokoa uhai wake. Mkono walishindwa.

Jioni mzee aliniambia kwa sauti ya chini: "Ile bene ilikosa mafuta, haikukosa nguvu. We ukaongeza presha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Mimi sikusikia, na aliyekatwa ni mwenzangu. Kukaza visi kulikuwa ujinga wa ujana, labda ningejisamehe. Kicheko kile sijakisamehe. Bila hicho, pengine tungemkimbiza hospitalini saa ileile.

Basi shika haya, mwanangu. Chombo kikienda polepole, angalia kwanza mafuta na kichujio. Wingi wa mafuta ndio mwendo, presha ni nguvu tu. Valvu ya usalama usiikaze kwa kubahatisha. Panapovuja, zima mashine, ngoja presha ishuke. Usipapase kamwe kwa mkono. Na mwenzako akisema ameumia, mwamini kabla hujaona damu.

Mungu akulindie mikono yako yote miwili, na ya kila atakayevuta levye kwa neno lako.